Rekriteri wa Mulongwe

Mama yangu hakuwa na kawaida ya kumwita mtu mwizi kabla ya kumkuta na kitu mkononi, lakini yule bwana alimwita mwizi siku ya kwanza, hata kabla hajafungua mdomo. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba alichopanga nyuma ya duka la fundi cherehani, hapa Mulongwe, mtaa wa Uvira, upande ule ambao mto ukijaa unaingia nyumbani bila kubisha hodi. Amevaa kaptula iliyopigwa pasi na soksi nyeupe zilizopanda mpaka magotini.

"Muangalie vizuri," mama alininong'oneza. "Muntu ya kutafutia bengine kazi, yeye mwenyewe kazi yake iko wapi?"

Watu wa mtaa walimwita rekriteri. Neno hilo la Kifaransa wazee wetu walilijua tangu zamani za Wabelgiji, na hawakulijua kwa mema. Rekriteri wa wakati ule alipanda vijijini na karani na askari, akapima vifua vya vijana, akachagua wenye nguvu na kuwapeleka kwenye migodi ya kusini. Kaka mkubwa wa mama alipimwa kifua huko milimani, juu ya Rurambo, akaondoka akiimba na wenzake. Hakurudi, wala barua haikuja. Bibi yangu alikufa akiwa bado anamwekea kiti. Kwa hiyo mama alipoona mtu mwenye meza, daftari na kalamu akiuliza majina ya watoto wa watu, hakuona kazi. Aliona kiti kitupu.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini kasoro. Nilikuwa nimemaliza miaka mitatu kwenye shule ya misheni nikijifunza kuzalisha. Tulikuwa wasichana watano. Uhuru ulipokuja, yule mama mzungu aliyetusimamia alifunga kabati la dawa, akatia funguo katika mkoba wake, akavuka mpaka kwenda Burundi, asirudi tena. Karatasi zetu za kumaliza zilikuwa tayari zimeandikwa, ila zilingoja sahihi yake na muhuri. Zilibaki zinangoja. Tulitoka pale na nguo nyeupe za kazi, na mikono iliyojua kazi, lakini bila kitu cha kumwonyesha mtu.

Miezi mingi nilikaa na mama sokoni nikipima mawese. Baba, aliyekuwa kantonye, mtunza barabara, alikuwa amekwisha kufa. Wanawake waliokuja kununua mafuta ndio waliotuletea habari za yule bwana: kwamba alitoka Kalemie, kwamba zamani alikuwa karani, kwamba Wazungu wamekimbia na maofisi yako matupu, na yeye ndiye anayejua ni ofisi gani inamtaka nani. Mmoja alisema amempatia mdogo wake kazi ya kupiga mashine Bukavu. Mwingine alisema ni mtu wa wanasiasa, anaandika majina ili yajulikane. Mama alisikiliza pande zote mbili akiendelea kupima mafuta yake.

"Tutaenda," akasema mwisho. "Lakini tutaenda bawili. Na weye utasema kidogo."

Ndani ya chumba kulikuwa na meza, viti viwili na daftari refu. Aliandika kwa kalamu ya risasi, si kwa wino, na jambo hilo peke yake lilimtosha mama kwa siku nzima: mtu anayeandika kitu kinachofutika.

"Karibu, mama. Ketini."

"Minye nasimama tu. Muntu akikaa, kukimbia kunachelewa."

Hakucheka. Aliniuliza ninajua nini. Nikamweleza: kuzalisha, kufunga vidonda, kuchoma sindano, kuchemsha vyombo. Akauliza karatasi yangu iko wapi. Hapo nikadanganya. Nilisema iko misheni, inangojea muhuri tu. Nusu yake ilikuwa kweli, nikajiambia nusu inatosha. Akaandika.

Halafu akauliza bila kuinua kichwa: "Mko watu wa wapi? Wa milimani au wa bondeni?"

Siku zile swali hilo lilikuwa limeanza kunuka. Zamani lilikuwa swali la kusalimiana, mtu anataka kujua kama mnaweza kuwa mashemeji. Baada ya uhuru lilianza kuulizwa na watu wenye orodha. Baba yangu alikuwa wa bondeni, mama wa milimani, nami nilizaliwa kando ya ziwa. Nilijua kwamba kila jibu lina mtu wa kulichukia.

Mama alisogea mpaka kwenye meza. "Unatafuta muzalisha ao unatafuta damu yake?"

"Mama, kuna waajiri wanaouliza. Nisipojua mapema, sijui nimpeleke wapi na nisimpeleke wapi."

"Andika Mulongwe."

Akaandika Mulongwe. Sikumwamini, na mama ndiyo kabisa. Lakini mama hakuwa amekuja kuulizwa tu. Alikuwa ameamka na maswali yake.

"Nani anakulipaka?"

"Mwajiri. Binti hatoi kitu. Akipata kazi, mwajiri ananilipa. Asipopata, nami nimekula hewa."

"Basi weye uko muntu wa mwajiri. Hauko muntu yetu."

Hapo ndipo alipocheka mara ya kwanza, na meno yake mawili ya mbele yalikuwa yamepandana. "Ni kweli, mama. Watu wengi hawalioni hilo. Mimi ni mtu wa mwajiri. Lakini nikimpelekea mtu asiyefaa, haniiti tena. Kwa hiyo na mimi nataka binti yako afae."

Tulipotoka mama akasema lile lilikuwa neno la kwanza la kweli tangu tuingie, na kwamba mwizi naye huwa anasema kweli pale inapomsaidia. Kabla ya kuondoka alikuwa amemtupia ombi moja: amwonyeshe mtu mmoja tu ambaye amempeleka kazini, naye anaonekana kwa macho, yuko hai na anatembea kwa miguu yake.

Alitutajia mwanamke wa zahanati ndogo upande wa Kavimvira. Kesho yake tulikwenda, bila kumwambia yule bwana siku wala saa. Tulimkuta akikunja bendeji mlangoni, mwanamke mwembamba aliyenizidi miaka michache, mwenye kicheko cha haraka. Mama alimvuta pembeni akamhoji kama askari.

"Kile alichoniahidi ndicho nilichokikuta," mwanamke alisema. "Ila mambo mawili hakuniambia. Nyumba ya wafanyakazi inavuja, na mkubwa wetu hapa anapenda kelele." Akanigeukia. "Dada, mweleze unachotaka, na usichotaka pia, maana hasomi mawazo ya mtu. Na karatasi yako yenyewe usimwachie, si yeye wala mwingine. Mpe nakala."

"Weye unamuamini?" mama akauliza.

Mwanamke alifikiri. "Ninaamini kazi aliyonipa. Yeye mwenyewe simjui."

Mama alilipenda jibu lile. Mtu anayesifu kila kitu, alisema njiani, amelipwa kusifu.

Kazi ya kwanza aliyotuletea yule bwana niliikataa. Ilikuwa ya Kalemie: mfanyabiashara mkubwa ana mke mgonjwa, anataka msichana wa kumtunza, atalala humo humo ndani. Yule bwana aliisema kwa furaha kama mtu aliyeleta nyama. Mama aliuliza ni nani wengine wanaolala katika nyumba ile. Hakujua. Akauliza mke anaumwa nini. Hakujua. Nilisubiri mama aseme hapana, lakini aliniangalia mimi.

"Siendi," nikasema.

Yule bwana alikunja daftari. "Nikikutafutia unakataa. Sasa nimwambie nini yule mtu aliyenituma?"

"Mwambie sipandi meli kwenda kulala katika nyumba ya mwanaume nisiyemjua." Nilikumbuka maneno ya yule mwanamke wa Kavimvira. "Na hapo kwenye daftari andika ninachotaka. Mahali pa kuzalisha. Pasizidi siku moja ya kutembea kutoka kwa mama. Chumba kiwe na komeo la ndani."

Nilidhani atatufukuza. Badala yake alilifungua tena daftari, akaandika yote matatu, na akasoma kwa sauti alichoandika ili nikubali. Naamini ni siku ile alipoanza kunitafutia kazi mimi. Kabla ya hapo alikuwa akitafuta mtu wa kujaza nafasi.

Hata hivyo habari mbaya hazikuisha. Mtu alimwona akinywa bia na maofisa wa jeshi. Mwingine alimwona akizungumza na vijana wale waliokuwa wanatoka kusini usiku na kuongea juu ya uhuru wa pili, wa kuiangusha serikali mpya. Nilipomuuliza waziwazi alisema, "Wote wana ofisi, na kila ofisi inataka watu." Sikujua nilifanyie nini jibu hilo. Nililipeleka kwa mama, naye akalitemea mate.

Kisha siku moja akaja sokoni. Hakuwahi kuja sokoni. Soksi zake nyeupe zilikuwa na matope mpaka katikati, na baiskeli aliyoazima aliiegemeza kwenye meza yetu ya mafuta.

"Karatasi yako haina muhuri," akasema. "Na hakuna wa kuutia. Nimetoka misheni sasa hivi."

Nilihisi kama nimevuliwa nguo mbele ya wateja. Mama alisimama na kikombe cha kupimia mkononi. "Kwa nini unamuchunguza mutoto yangu?"

"Kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu, mama. Na kama nisingemchunguza mimi, angechunguzwa na mwajiri." Akanigeukia, na kwa mara ya kwanza nilimwona amekasirika kweli. "Ungeniambia siku ile, ningekwenda kutafuta dawa. Sasa nimepoteza siku tatu kutafuta ugonjwa. Mnaniuliza maswali yote, mnataka niseme kweli. Wewe je?"

Mama alikishusha kikombe mezani. Alimsogezea kigoda, naye akakaa.

Kisha akatueleza: kiwanda cha pamba bondeni, karibu na Bwegera, kilikuwa kinataka mzalishaji kwa wake za wafanyakazi. Mkurugenzi wake mpya alikuwa Mkongomani, mtu mgumu wa karatasi. Tufanye nini? Yule bwana aliniuliza ni nani mwingine aliyeniona nikifanya kazi. Nikamtaja muuguzi mzee, Mkongomani mwenzetu, aliyetufundisha mikono yetu iende wapi wakati yule mzungu akituandikia alama. Alikuwa bado yupo, anaishi kwa kilimo. Tulikwenda kwake wote watatu, naye aliandika barua ndefu kwa mwandiko wa kutetemeka, akasema niliyoyafanya mbele yake, moja baada ya jingine. Nikaomba aandike mbili. Moja nilibaki nayo mimi.

Siku mbili kabla ya kwenda kiwandani yule bwana alinikalisha kwenye kile chumba chake, mama akiwa mlangoni, akanifundisha.

"Watakuuliza kwa nini huna karatasi. Usilie. Usimseme yule mzungu vibaya. Sema hivi: nilimaliza, aliyepaswa kutia sahihi aliondoka, na huyu hapa ndiye aliyeniona. Basi. Watakuuliza umezalisha wanawake wangapi. Usiongeze hata mmoja. Kama hukumbuki, sema hukumbuki. Wakikuuliza kama unaogopa?"

"Niseme siogopi."

"Hapana. Mzalishaji asiyeogopa anaua watu. Sema unajua wakati wa kuita mkubwa."

Ilikuwa kama alivyosema, swali kwa swali, mpaka nikaanza kumwogopa upya. Alijuaje yote yale? Mama alisema alijua kwa sababu yeye na mkurugenzi walikuwa wamepanga. Baadaye nilipozoea kazi nilielewa kwamba alikwenda tu kumuuliza mkurugenzi anataka nini, akaandika majibu yake. Hakuna mwingine aliyekuwa amefikiria kuuliza.

Nilipata kazi. Mama alinisindikiza kwa lori la pamba, akakagua chumba, akaniambia nifunge komeo, akausukuma mlango mara tatu kutoka nje kwa bega lake lote. Lilishika. Ndipo akarudi Mulongwe. Kwa yule bwana hakusema asante. Alimpelekea fungu la ndagala, dagaa wakavu wa ziwani, lililofungwa kwenye jani la mgomba, "ili asiseme tulimukula bure."

Nilifanya kazi pale mwaka mmoja na zaidi. Wanawake wa bondeni walinizoea, waliniita kutoka mashamba ya mpunga hata wale ambao waume zao hawakuwa wa kiwandani. Sitasema mengi juu ya wakati ule, kwa sababu ulikuwa mzuri, na mzuri hauna habari nyingi.

Halafu vita ya waasi ikafika bondeni. Asubuhi moja mashine za kiwanda hazikuwashwa. Mkurugenzi alikuwa ameondoka, na wenye familia walikuwa tayari barabarani na magodoro vichwani. Nilitembea mpaka Uvira nikiwa na barua yangu ndani ya nguo, nikikwepa barabara kuu, kwa hiyo nililala njiani kwa mwanamke niliyewahi kumzalisha.

Nilimkuta mama ameshaanza kujiandaa. Alichukua nguo yangu nyeupe ya kazi, akaikata vipande, akampa jirani mwenye mtoto mchanga. Sikulia, ila nilitaka kulia. Wakati ule kusoma kulikuwa hatari. Wenye miwani waliificha. Mwalimu mmoja wa mtaani alitembea na jembe begani mchana kutwa, bila shamba. Waasi waliwatafuta waliofanya kazi na serikali na Wazungu, wengine ili wawaue, wengine ili wawatumie. Wazalishaji na wauguzi waliwatafuta ili wawatumie. Msituni walikuwa na majeruhi wengi na hawakuwa na mtu wa kuwafunga vidonda.

Ilikuwa mchana, jua kali. Nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo, uani. Nikainua macho nikawaona watu watatu wakija kwa njia ya mtoni: mmoja na bunduki, mmoja na mkuki, na katikati yao yule bwana. Hakuwa na soksi. Miguu yake mitupu ndiyo niliyoiona kwanza, miembamba, ya kijivu.

Nikajua ametuuza. Nilijiona mjinga kwa kila kitu nilichomwambia, kwa kila mstari wa daftari lile. Mama alitoka ndani akasimama nyuma yangu.

"Ni hapa?" mwenye bunduki akauliza.

Yule bwana aliniangalia kama mtu anavyoangalia hindi lililooza. "Hapa hapana kitu," akasema. "Huyu alikuja kwangu zamani, anajiita mzalishaji. Nilikwenda mwenyewe misheni kuuliza. Hana karatasi. Alishindwa shule. Nilimtafutia kazi ya kufua mashuka kule kiwanda cha pamba."

Naona aibu kulieleza hili, lakini ndivyo ilivyokuwa: sikuelewa. Nilichosikia ni matusi tu. Miaka mitatu ya shule, wale watoto wote niliowapokea bondeni, na mtu huyu ananiita mfua mashuka mbele ya jirani zetu. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Mimi sikushindwa..."

"Nyamaza!" mama akanisukuma begani mpaka nikayumba juu ya kinu. "Hata mashuka haujue kufua! Si walikufukuza? Kula, lala, kula, lala! Baba," akamwambia mwenye bunduki kwa adabu kubwa, "kama munataka mufuaji, mumubebe huyu, mutaniponya."

Mwenye bunduki alicheka. Alinitaka nionyeshe mikono. Nikaionyesha. Ilikuwa ya kijani ya sombe mpaka kwenye viwiko. Aliitazama, akatema, akasema twende.

Yule bwana aliomba maji. Mama alimletea kikombe, akanywa chote, akakirudisha kwa mikono miwili. "Asante, mama," akasema, na hakuniangalia mimi hata kidogo. Wakaondoka kwa njia ya Kavimvira.

"Ametuokoa," nikasema walipopotea. Akili ndiyo kwanza ilikuwa inafika.

"Ao ametuweka," mama akasema. "Muntu anaweza kuficha kitu leo kwa sababu anakitaka kesho. Funga vyombo."

Tulipanda milimani siku ile ile kwenda kwa ndugu zake. Njiani, kwenye kituo cha kwanza cha kupumzika, tulikutana na watu waliotoka Kavimvira. Walisema yule mwanamke wa zahanati amechukuliwa mchana. Watu watatu, walisema. Bunduki, mkuki, na mtu mmoja mrefu miguu mitupu.

Mama alikaa chini juu ya mzigo wake. "Unaona," akasema. "Mikono yake haikurudi mitupu." Na baada ya hapo hakumtaja tena miaka mingi.

Kule juu nilizalisha wake za wafugaji katika baridi, kwa maji ya moto na uzi, nikisaidiwa na mama wazee waliojua mengi kuliko mimi. Majeshi ya serikali yaliporudi Uvira tulingoja msimu mmoja wa mavuno upite ndipo tukashuka. Katika chumba nyuma ya duka la fundi cherehani alikuwa anaishi muuza chumvi. Fundi alisema rekriteri hakurudi, na daftari lake alilichoma mwenyewe kwenye jiko la makaa, asubuhi ya siku waasi walipomfuata. Sikujua kama fundi anasema kweli. Wakati ule kila mtu alikuwa na sababu ya kusema kwamba kitu fulani kimechomwa.

Miaka ilipita. Nilipata kazi hospitali ya Uvira, na karatasi nikapewa mwishoni, ya mtihani niliofanya upya. Nilikwisha kuzaa watoto wangu wawili siku nilipomwona yule mwanamke wa Kavimvira kwenye benchi la wajawazito, amemleta mdogo wake. Alikuwa amezeeka kupita umri wake, na mguu mmoja aliuburuta. Nilimtambua kwa kile kicheko cha haraka. Naye alinitambua.

Nilimpisha mgonjwa wake mbele, mambo yakaenda vizuri, mtoto wa kike. Baadaye tulikaa nje kwenye kivuli cha ukuta. Ndipo nikamuuliza juu ya yule rekriteri.

"Ni yeye aliyekuonyesha?"

"Ni yeye." Alilisema bila kupandisha sauti. "Nilikuwa mlangoni na nguo nyeupe, wagonjwa wamepanga mstari mbele yangu. Angesema nini? Kwamba huyu naye anafua mashuka?"

Kumbe alijua. Nikauliza alijuaje habari ya mashuka.

"Aliniambia. Tulitembea siku mbili pamoja. Nilimtukana siku mbili, na hakujibu. Tulipofika kwenye kambi yao mkubwa wao alimwambia sasa unaweza kurudi kwako. Akasema hapana, huyu mwanamke anahitaji mtu wa kuandika dawa na majina ya majeruhi, mimi ni karani. Akabaki. Kila nilipoitwa kwenye nyumba ya mtu mkubwa usiku, alikuja nyuma yangu na kalamu, akasimama mlangoni, akasema yuko kazini. Walimpiga mara moja kwa hilo. Akarudi kusimama."

"Kwa hiyo alikuwa mtu mwema."

"Mimi sikusema hivyo." Alinyoosha ule mguu wake kwa mikono. "Nilimuuliza kwa nini alimficha yule msichana wa Mulongwe na mimi akanitoa. Unajua alijibu nini? Aliniambia, 'Mama yake alikuwepo. Wewe ulikuwa peke yako.' Alisema hakuweza kurudi mikono mitupu kutoka nyumba zote mbili, na kwenu Mulongwe kulikuwa na mtu wa kumlilia macho kwa macho. Ndivyo alivyopima. Kwangu hakuna aliyelia, basi ikawa mimi."

Nilishindwa kumwangalia. Nikamwuliza yule bwana yuko wapi.

"Alikufa huko huko, kwa kuhara damu. Nilimtunza bila dawa, siku sita. Sikumsamehe, na sikumwacha alale katika uchafu. Vyote viwili nilivifanya."

Mdogo wake aliita kutoka ndani, akainuka kwa kushika ukuta. Nilitaka kumwambia pole, lakini neno lilikuwa dogo mno, na mimi ndiye niliyepona kwa kilichompata. Nilimwuliza anaishi wapi tu. Akanieleza.

Jioni nilimsimulia mama yote. Alikuwa mzee tayari, anaona kwa jicho moja. Alisikiliza akichambua mchele, na nilipofika mahali pa "mama yake alikuwepo" mikono yake ikasimama juu ya ungo. Nilingoja aseme kwamba alijua tangu mwanzo. Nilingoja amwite mwizi. Aliuweka ungo chini, akaenda kulala.

Asubuhi hakuwa kitandani. Alikwenda Kavimvira peke yake kwa miguu, yeye ambaye kanisani tu alihitaji kushikwa mkono, akakaa kwa yule mwanamke mpaka alasiri. Wiki iliyofuata akaenda tena. Waliyozungumza sikuambiwa na hata mmoja wao. Najua tu kwamba kila wiki, mpaka miguu ilipomkatalia, mama alikwenda. Na ilipomkatalia, yule mwanamke ndiye aliyekuja kwetu, akiuburuta mguu wake. Siku ya kumzika mama, alikaa kwenye mkeka wa familia, karibu yangu, na wageni walipouliza huyu ni nani, nilisema ni dada yangu. Yule bwana mimi bado sijui nimweke wapi. Nikipita nyuma ya lile duka la fundi ninaharakisha, na kila mara ninageuka kutazama mlango.